Kikombe cha Maji Matupu

"Kumi na tano."

Mama Miche alimgusa kiluwiluwi mwingine kwa ncha ya njiti ya ufagio. Hakutikisika. Akangoja. Alikuwa amejiwekea sharti kwamba haandiki mfu mpaka amguse mara mbili na kuhesabu hadi tano, kwa sababu viluwiluwi wa mbu wana ujanja wao. Wengine hulala chini kikombeni kama waliokata roho, halafu ukiwapa kisogo wanapanda juu kuvuta hewa. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Huyu hakuwa na ujanja wowote. Alikuwa amekufa.

"Kumi na sita."

Vikombe sita vya kwanza alivihesabu kwa raha, nusura aimbe. Hiki cha saba ndicho kilichomkausha mate. Kilikuwa kikombe cha maji matupu, hakikutiwa hata tone moja la dawa, na kilitakiwa kiwe na viluwiluwi ishirini wazima wanaopanda na kushuka.

"Kumi na saba," alisema, akaweka njiti chini.

Watatu waliobaki walikuwa wakijikunja kivivu ukingoni. Alitazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika ishirini. Bwana afya alisema angefika saa kumi na moja kamili, na tangu Mama Miche amfahamu mtu yule hajawahi kuchelewa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Nyuma ya nyumba, chini kidogo ya kitalu chake cha miche, kulikuwa na bwawa. Marehemu mumewe alilichimba kwa sururu na jembe kiangazi kimoja kizima, na ndilo lililonywesha miche elfu nne iliyompa Mama Miche jina lake na riziki yake. Lilikuwa pana mno kufunikwa. Mwaka huu majani yaliota ukingoni, samaki waliokuwa wakila viluwiluwi wakashindwa kupenya humo, na mbu wakajaa mtaani. Binti wa fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta, alilazwa kwa malaria na leo alikuwa na siku ya nne wodini. Fundi aliandika malalamiko akatia saini. Bwana afya akaja, akachota maji kwa kata, akajionea. Akatoa wiki moja: ama viluwiluwi waishe, ama lori la kifusi lije kulifukia bwawa. Wiki hiyo ilikuwa inaisha kesho saa mbili asubuhi.

Mama Miche hakubisha. Alifyeka majani yote ukingoni kwa siku mbili. Mbu wakapungua lakini hawakwisha. Ndipo akasema anaijua dawa. Alikuwa ameisoma katika kijitabu cha kilimo kilichokwisha kupoteza jalada, na mara moja aliisikia redioni: majani ya mwarobaini yaanikwe kivulini, yatwangwe, yalowekwe usiku kucha, yachujwe kwa kitambaa.

"Mama, kila mtu ana dawa," bwana afya alimjibu siku ile. "Mimi nionyeshe hesabu. Weka vikombe vya dawa, na weka kikombe cha maji matupu. Bila hicho cha maji matupu usinionyeshe chochote. Nitajuaje kama hawakufa kwa joto, au kwa njaa, au kwa kukuogopa wewe?"

Basi akafanya kama alivyoambiwa, na zaidi. Vikombe viwili vya kijiko kimoja cha dawa, viwili vya vijiko viwili, viwili vya vijiko vinne. Kila kikombe viluwiluwi ishirini. Pembeni aliweka beseni lenye samaki watano wadogo na dawa ya nguvu ileile ya vijiko vinne, ili asije akaokoa bwawa na kuua waliomo. Jana saa kumi jioni alitia wa mwisho, akaandika daftarini. Leo saa kumi alihesabu. Kijiko kimoja: walikufa tisa na wanane. Vijiko viwili: kumi na watano, kumi na sita. Vijiko vinne: wote, vikombe vyote viwili. Samaki watano wazima, wanamtazama kwa ile sura yao ya kushangaa. Mtu angetaka nini tena?

Halafu maji matupu. Kumi na saba.

Mlango wa nyuma ulisukumwa, akaingia shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akifanya naye kazi kitaluni. Alikuwa na tope mpaka magotini.

"Enhe, shemeji! Wamekwenda na maji?"

"Kwenye dawa wamekufa."

"Nilijua! Nilikwambia mimi! Sasa mbona umenuna kama unasubiri kung'olewa jino?"

Mama Miche alimsogezea kikombe cha saba. Shemeji aliinama, akatazama, akasoma karatasi iliyobandikwa, akatazama tena.

"Hawa nao wamepatwa na nini?"

"Sijui."

"Hukutia dawa kwa bahati mbaya?"

"Hicho ndicho nilichoanza nacho. Nilianza nacho makusudi, dawa ikiwa bado iko kwenye chupa na kizibo, ili isije ikaingia kwa kijiko wala kwa mkono."

Shemeji alichungulia dirishani kuelekea barabarani, akarudi akashusha sauti.

"Shemeji, bwawa lile lina viluwiluwi wangapi?"

"Nani anajua."

"Basi nenda kachote ishirini wazima, uwatie humo. Mwaga hao marehemu. Nani atawauliza vitambulisho?"

"Huo ni uongo."

"Uongo wa kikombe kimoja! Dawa inaua, umeona mwenyewe kwa macho yako. Unataka miche elfu nne ikauke kwa sababu ya kikombe kimoja kilichokorofika? Kaka alitoka malengelenge mikono yote miwili kwa bwawa lile. Au umesahau?"

Hakuwa amesahau. Ndiye aliyekuwa akiyatumbua yale malengelenge kwa sindano. Alitazama saa. Saa kumi na nusu. Alichukua chujio la chai na kikombe kitupu, akatoka, na shemeji akampisha mlangoni.

Aliteremka mpaka ukingoni. Kuchota hakukumpa shida, walikuwa tele, wakijipinda chini ya mwanga kama alama za kuuliza. Alihesabu ishirini, akapanda nao.

Jikoni alishika vikombe viwili, mkono wa kulia wazima, mkono wa kushoto wafu. Alisogea karibu na dirisha ili amwage kile cha wafu kwenye ndoo ya maji machafu. Jua la jioni lilikuwa likiingia kwa ubavu. Alipoinamisha kikombe, uso wa maji ukang'aa.

Akasita. Akakirudisha wima, akakiinamisha tena taratibu. Juu ya maji kulikuwa na rangi: zambarau kidogo, kijani kidogo, zikiteleza kama zile za kwenye dimbwi la gereji. Alivijaribu vikombe vya dawa kimoja baada ya kingine. Vile vya vijiko vinne, hakuna rangi. Vijiko viwili, hakuna. Kimoja cha kijiko kimoja, alichokiwekea viluwiluwi mara tu baada ya maji matupu, kilikuwa na doa dogo mno, kama kucha ya mtoto.

Mafuta. Kiluwiluwi huvuta hewa kwa mrija mdogo anaoutoa juu ya maji. Ukitandaza mafuta juu, umemfunga pumzi. Lakini mafuta yametoka wapi?

Alinusa vidole vyake, akafumba macho.

"Mama!" aliita kuelekea chumba cha pili. "Jana nilikuchua saa ngapi?"

"Mara ya kwanza au ya pili?" ilijibu sauti ya mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa na magoti mabovu, macho yenye ukungu na ulimi usio na kasoro hata moja. "Ya kwanza ulinichua baada ya kuoga. Ya pili nilikuomba mimi, goti liliponikaza. Ukanichua haraka haraka kama unayesugua sufuria. Ukasema una viluwiluwi wako wanakusubiri."

Saa tisa kasorobo. Alikumbuka yote. Alimchua kwa mafuta mazito ya kafuri, akaenda kunawa. Sabuni aliiona pale pale kwenye kisahani na hakuigusa, kwa makusudi, kwa kuwa alikwisha soma kwamba sabuni huua viluwiluwi. Alinawa kwa maji peke yake. Kisha, kila kiluwiluwi alipong'ang'ania kwenye mdomo wa lile bomba la plastiki la kunyweshea watoto dawa, alimsukuma kwa kidole ndani ya maji. Kikombe cha kwanza ndicho kilichopokea mafuta. Tahadhari zake zote mbili, kuanza na maji matupu na kuikwepa sabuni, ndizo zilizomponza.

"Kuna nini, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Mafuta ya goti lako yameua viluwiluwi kumi na saba, mama."

"Basi mguu wangu umefanya kazi bila hata kusimama," bibi alisema. "Mwambieni huyo bwana afya aje auajiri."

Shemeji aliangua kicheko, lakini kilikatika. Mlangoni palikuwa na mtu.

Fundi cherehani hakubisha hodi. Bwana afya ndiye aliyemtaka awe shahidi, na alikuwa amefika mapema, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni, macho mekundu ya mtu anayelala kwenye benchi la wodi. Aliwatazama, akaitazama meza, kisha mikono ya Mama Miche.

"Vikombe niliambiwa ni saba," alisema. "Mimi naona vinane. Hicho cha nane cha nini?"

Viluwiluwi ishirini wazima walikuwa wakichezacheza kwenye mkono wa kulia wa Mama Miche. Shemeji alikohoa.

"Hicho ni…" alianza.

"Shemeji," Mama Miche alimkatiza taratibu.

Nje pikipiki ilinguruma, ikazimwa. Saa kumi na moja kasoro dakika moja. Bwana afya aliingia akivua kofia ngumu, akasalimia wote kwa mkupuo, akavuta daftari kabla hata ya kukaribishwa kiti. Alikuwa mtu mwembamba asiyecheka kazini. Alisoma ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Vijiko vinne, wote. Vizuri. Samaki?"

"Hao hapo. Wazima."

"Vizuri sana. Maji matupu… hapa hujaandika."

Mama Miche alihisi macho ya shemeji yakimchoma ubavuni. Akaweka vikombe vyote viwili mezani, akavisogeza mbele.

"Maji matupu wamekufa kumi na saba," alisema. "Kikombe cha nane nilikichota sasa hivi. Nilitaka kubadilisha, ili uwakute wazima. Kisha nikaona hii." Aliinamisha kikombe kwenye mwanga. "Ni mafuta, yametoka mikononi mwangu. Na kimoja cha dawa nacho kina doa. Kwa hiyo hata vile vingine siwezi kukuapia."

Shemeji alitoa pumzi kama mpira uliochomwa, akakaa juu ya ndoo.

Bwana afya alikiinamisha kikombe mwenyewe, mara tatu. Hakuonekana kukasirika. Alionekana anafikiri, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Mafuta," alisema. "Tone la mafuta la kwenye kidole, na kumi na saba chali. Mama, umenirahisishia kazi. Pale karakana wana mapipa ya oili chafu wanayoitafutia pa kuimwaga. Hatuna haja ya kufukia. Tunamwaga pipa moja, kesho jioni hakuna kiluwiluwi."

Mama Miche alishika ukingo wa meza. Kufukiwa alikuwa amekwisha kukuwaza usiku na mchana, lakini hili hakuliwaza.

"Na samaki?"

"Watakufa."

"Na maji hayo ndiyo ninayomwagilia miche."

"Mama, kati ya miche na watoto wa watu unataka nichague nini?"

Swali lilikuwa la haki, na aliyepaswa kuliuliza alikuwa amesimama pale pale mlangoni na futi shingoni. Alisema tu alilokuwa nalo. "Ninachoomba ni siku moja. Nirudie kwa mikono safi. Nikishindwa, mlete lori. Sitasimama mbele yake. Lakini oili hapana, bwana afya. Ukifukia, kuna mtu anaweza kuchimba tena. Ukimwaga oili, hata udongo wenyewe umekufa."

"Lori limepangwa saa mbili asubuhi," alisema bwana afya. "Dereva ana kazi nyingine baada ya hapo. Siwezi kupangua ratiba kwa sababu ya goti la bibi."

"Goti linasikia!" sauti ililia kutoka chumbani.

Hakuna aliyecheka. Fundi cherehani alikuwa ameinama juu ya meza. Alichukua njiti, akamgusa mmoja wa wafu wa vijiko vinne, akangoja, akamgusa tena, kama vile amefundishwa. Alipozungumza hakumtazama mtu.

"Lori hilo linakuja kwa malalamiko ya nani?"

"Yako, fundi. Wewe ndiye uliyetia saini."

"Basi mwenye saini nasema lije kesho jioni."

Bwana afya alimtazama. "Unamwamini?"

"Simwamini. Simwamini hata kidogo. Nimemkuta na kikombe mkononi." Aligeuka sasa, akamtazama Mama Miche usoni kwa mara ya kwanza tangu binti yake alazwe. "Vikombe vitalala kwangu. Viluwiluwi nitawatia mimi kwa mkono wangu, wewe utasimama ukiniambia. Mlango nitaufunga mimi na ufunguo nitaenda nao wodini. Dawa ikiua, nataka niione imeua. Sitaki kufukia bwawa lako halafu mbu watoke kwenye mtaro wa mwingine na sina cha kuwafanyia. Isipoua, lori lipite hata juu ya miche yako, mimi simo."

"Sawa," alisema Mama Miche.

Bwana afya aliandika kitu, akakikata, akaandika tena. "Kesho saa kumi na mbili na robo. Lori litakuwa limesimama nje na injini inawaka. Siongezi dakika."

Ilikuwa saa kumi na moja na robo. Walikuwa na saa moja ya mwanga kuandaa vikombe, ili vitimize siku nzima.

Chumba cha fundi kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na sare za shule zilizotundikwa ukutani bila wenyewe. Walifuta meza. Shemeji alibeba vikombe vipya, kopo la viluwiluwi aliowachota bwawani na chupa ya dawa, akaviweka kizingitini, na Mama Miche akamzuia hapo hapo.

"Wewe basi. Rudi kwa mama. Goti lake linataka kuchuliwa."

"Mimi? Nimchue mimi?"

"Wewe. Na ukimaliza usikanyage huku mpaka kesho jioni."

Alikwenda akinung'unika kwamba mtu mzima mwenye heshima zake amegeuzwa muuguzi wa magoti.

Mama Miche alinawa kwa maji ya moto na sabuni mpaka kwenye viwiko, akasuuza mara tatu. Kisha akatia vidole kwenye bakuli la maji safi, akalisogeza dirishani, akaliinamisha. Hakukuwa na rangi. Akamwaga, akatia mengine, akamsogezea fundi.

"Mimi sina bibi wa kuchua," alisema fundi.

"Tia vidole."

Fundi alitia. Maji yakameta, zambarau na kijani.

Wote wawili walitazama bakuli, kisha cherehani iliyokuwa kando, na kichupa chake cha mafuta kimesimama juu yake, kizibo wazi. Fundi alikuwa ameitia mafuta mchana. Mdomo wake ulicheza kidogo, kama unaotaka kucheka na umesahau njia. "Na mimi ningewaua," alisema, akaenda kunawa. Ilimchukua mara nne kabla maji hayajatulia bila rangi.

Waliandaa vikombe tisa. Safari hii maji matupu yalikuwa vikombe vitatu, na Mama Miche aliandika daftarini sababu yake kwa sentensi moja bila kujitetea. Fundi alikuwa na mkono mzuri. Aliyezoea kutia uzi kwenye tundu la sindano hasumbuliwi na kiluwiluwi. Alivuta kwa bomba, akashusha mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti, na Mama Miche akahesabu naye kimoyomoyo.

"Kumi na nane. Huyu mkubwa, ana kichwa kinene."

"Huyo muache. Karibu anageuka kuwa mbu. Akishageuka hali tena, na dawa huipata kwa kula. Atatuharibia hesabu."

"Kumbe hata wao wana umri wa kukataa chakula." Alimrudisha koponi. "Wangu tangu juzi hali. Leo mchana amekunywa maziwa nusu kikombe."

"Nusu ni nzuri," alisema Mama Miche.

"Kumi na nane tena," alisema fundi.

Dakika tatu kabla ya saa kumi na mbili na robo, kikombe cha tisa kilipata wa ishirini wake. Mama Miche alipima dawa, kijiko kwa kijiko, maji matupu yakiwa mbali upande wa pili wa meza. Fundi alifunika vyote kwa kipande cha chandarua, akakibana pembeni kwa pini zake. Kwenye daftari Mama Miche alichora mistari tisa: kikombe, vijiko, saa. Safu ya mwisho aliiandikia kichwa chake, "Waliokufa", na chini yake akaacha wazi.

Fundi alikuwa tayari amesimama mlangoni, ufunguo mkononi, begi la nguo safi za binti yake begani. Mama Miche aliinama mara moja ya mwisho karibu na vikombe vya maji matupu. Chini ya chandarua viluwiluwi walikuwa wakipanda mmoja mmoja mpaka juu, wakitulia, wakivuta hewa.

"Twende, saa za kuona wagonjwa zinaisha," alisema fundi.

Mama Miche akatoka. Fundi akafunga, akausukuma mlango kwa bega kuhakikisha, akatia ufunguo kwenye mfuko wa kifuani.